Mtoto Anaposema "Afadhali Nife"



Mtoto wa miaka saba amenyang'anywa mpira kwa sababu hakumaliza kazi ya shule. Anatupa daftari chini, anapiga kichwa ukutani, kisha anasema, "Basi afadhali nife." Mama yuko jikoni, baba anasikiliza habari. Katika nyumba nyingi mtoto huyo atatendewa moja kati ya mambo matatu: atachekwa, atakaripiwa kwamba hayo ni maneno ya shetani, au atachapwa. Baada ya dakika kumi anacheza tena na wazazi wamesahau.

Mara nyingi hakuna linalofuata, kwani watoto husema maneno makubwa wakiwa na hasira ndogo. Lakini mtoto mwingine anapoyasema huwa anayamaanisha, na kwa sikio maneno ni yale yale. Je, mzazi atawatofautishaje? Katika ukurasa huu huwa tunazungumzia mapatano ya mke na mume, fedha, wakwe na malezi. Leo tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hawapendi hata kulitaja: jinsi ya kumtambua mapema mtoto mdogo aliyeanza kuchoka na maisha, na jinsi ya kumwuliza.

Kwanza niwatulize. Mtoto wa chini ya miaka kumi kujitoa uhai ni jambo la nadra sana popote duniani. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaojitoa uhai kila mwaka, karibu wote wakiwa vijana na watu wazima. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Kwa hiyo mzazi asije akamtazama kwa hofu kila mtoto anayenuna. Tunaanza mapema kwa sababu mawazo haya huweza kuingia moyoni mwa mtoto miaka mingi kabla ya siku ya hatari, na mtoto aliyezoea kuulizwa akiwa na miaka minane atakuwa na mtu wa kumwambia akiwa na kumi na sita.

Je, mtoto mdogo anajua kufa ni nini?

Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto wa chekechea hajui anachosema anapotaja kifo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, wamewafuatilia watoto wa umri huo kwa miaka mingi. Mwaka 2015 walitoa habari za watoto 306 wa miaka 3 hadi 7. Karibu mmoja kati ya kila kumi alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa maneno, kwa mchezo au kwa tendo, mawazo ya kujidhuru au kufa. Hesabu hiyo tusiichukue kuwa ya watoto wote, kwani wengi wao waliteuliwa kwa kuwa walikuwa na dalili za huzuni. Lakini walipofuatiliwa hadi umri wa shule, wale waliokuwa na mawazo hayo utotoni walielekea zaidi kuwa nayo bado. Hayakuisha yenyewe kama kunyonya kidole.

Mwaka 2019 watafiti hao hao waliwauliza watoto wa miaka 4 hadi 6 maswali kuhusu kifo: je, aliyekufa aweza kurudi, je, mwili wake bado unafanya kazi, je, kila mtu atakufa? Watoto wenye huzuni waliokuwa wakitaja kujiua walikielewa kifo vizuri kuliko wenzao. Ni kinyume kabisa cha yale tuliyozoea kuambiana.

Hebu basi tufikirie jinsi tunavyowaeleza watoto wetu habari za kifo. Nyanya amefariki, amezikwa, na mtoto anauliza yuko wapi. Tunamjibu kwamba nyanya yuko mbinguni kwa Yesu, hana tena maumivu, anatungoja. Hilo ni jibu la imani yetu na sisemi liachwe. Lakini mtoto mwenye huzuni aweza kupiga hesabu yake kimya kimya: kama kule hakuna maumivu, na nyanya aliyenipenda yuko kule, mbona nami nisiende? Mwongezeeni neno. Mwambieni kwamba nyanya angependa kumwona akikua mpaka naye apate wajukuu, kwamba safari hiyo mtu hajipeleki, na kwamba siku atakapomkumbuka nyanya hata kuumia, aje awaambie mlie pamoja.

Wazazi ndio wa mwisho kujua

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kwa watoto zaidi ya 11,000 wa miaka 9 na 10. Mtoto aliulizwa peke yake, na mzazi wake akaulizwa peke yake. Miongoni mwa watoto waliosema wamewahi kuwa na mawazo ya kujiua, zaidi ya robo tatu wazazi wao hawakuwa na habari. Na hao si wazazi wabaya. Ni watu walioamka na watoto wao, wakawalisha na kuwapeleka shule.

Kwa nini mtoto hasemi? Sababu iliyo wazi kabisa ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Tunamwuliza amekuwa wa ngapi darasani, amekula, amenawa, amesali. Tukimwuliza hali yake, tunauliza "hujambo?" na salamu hiyo ina jibu moja tu.

Na tunapofikiria kuuliza, tunaogopa: nikimtajia kujiua, si nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo? Hofu hiyo ni ya kawaida, hata kwa walimu na mapadri. Katika jimbo la New York ilijaribiwa kwa uangalifu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likaulizwa waziwazi kuhusu kujiua na jingine halikuulizwa. Siku mbili baadaye walioulizwa hawakuwa na mashaka wala mawazo hayo kuliko wale wengine. Wale waliokuwa na huzuni kubwa, au waliowahi kujaribu, walionekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Kweli hao walikuwa wakubwa kuliko watoto tunaowazungumzia, lakini hata madaktari wanaowauliza watoto wa miaka minane hawauoni mdomo wa mzazi kuwa ndio hatari. Wanauogopa zaidi ukimya.

Maswali ya hospitali

Mwaka 2008 Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani ilianza kutafuta maswali machache ambayo muuguzi yeyote aweza kumwuliza mtoto aliyeletwa hospitali, hata kama ameletwa kwa mkono uliovunjika. Maswali mengi yalijaribiwa kwa watoto na vijana 524 wa miaka 10 hadi 21 katika hospitali tatu, na mwaka 2012 wakachapisha manne yaliyofaa. Kuyauliza huchukua kama sekunde 20. Nitayaeleza kwa maneno yangu. La kwanza ni kama katika wiki chache zilizopita mtoto ametamani kufa. La pili ni kama ameona kwamba yeye mwenyewe au jamaa yake wangekuwa na nafuu kama angekuwa amekufa. La tatu ni kama wiki hii amekuwa na mawazo ya kujiua. La nne ni kama amewahi kujaribu. Akijibu "ndiyo" kwa lolote, anaulizwa moja zaidi: je, unayo mawazo hayo sasa hivi?

Maswali hayo sasa hutumika kuanzia umri wa miaka 8. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo ambao ni rahisi kuukumbuka: kuanzia miaka 12 watoto wote waulizwe, wa miaka 8 hadi 11 waulizwe panapokuwa na sababu, walio chini ya miaka 8 wasipewe orodha ya maswali, bali watazamwe dalili zao, na zikionekana wachunguzwe na mtaalamu. Wako wataalamu wasiokubali yote. Mwaka huo huo jopo linalotoa mashauri ya kinga nchini humo lilisema ushahidi wa kumwuliza kila mtoto asiye na dalili yoyote bado hautoshi, ingawa liliunga mkono kuwapima huzuni kuanzia miaka 12 na wasiwasi kuanzia miaka 8.

Kwa maoni yangu ubishi huo haumhusu sana mzazi. Wao wanafikiria maelfu ya watoto, foleni za hospitali na gharama. Wewe unamfikiria mmoja ambaye unajua jinsi anavyocheka, na kwa hiyo wajua pia alipoacha kucheka. Kwetu, mtoto akipelekwa zahanati kwa maumivu ya tumbo atapimwa malaria na minyoo, na mara chache sana ataulizwa juu ya moyo wake. Hivyo anayebaki kuuliza ni wewe. Kumbuka tu kwamba kuuliza kwako si kupima kwa daktari. Unatafuta kujua kama mlango wa daktari unahitajika.

Hapa ndipo ndoa inapoingia

Msomaji aweza kusema: haya ni mambo ya madaktari, mbona yako katika ukurasa wa mke na mume? Katika uchunguzi ule wa watoto zaidi ya 11,000, ugomvi wa nyumbani ulikwenda pamoja na mawazo ya kujiua, na vivyo hivyo kukosa mzazi anayefuatilia mtoto yuko wapi na yuko na nani. Na uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2016, ulitazama vifo vya watoto wa miaka 5 hadi 14 katika majimbo 17. Kwa walio wadogo, wa chini ya miaka 12, jambo lililotangulia mara nyingi kuliko mengine lilikuwa kukosana na watu wa nyumbani au marafiki. Karibu watatu kati ya kila kumi walikuwa wamemwambia mtu.

Sisemi kwamba ugomvi pekee humfikisha mtoto huko. Yako magonjwa ya huzuni yanayoingia hata katika nyumba yenye amani, na mzazi wa mtoto kama huyo asijitwike lawama isiyo yake. Lakini mke na mume wanaweza kufanya mengi juu ya kile ambacho mtoto anasikia usiku.

Nyumba zetu nyingi hazina siri. Ukuta ni wa mabati, au wa mbao, au ni pazia tu, na watoto tunaodhani wamelala wanasikiliza. Wanasikia habari za karo. "Hawa watoto wako ndio wanaonimaliza." "Kama si hawa watoto ningekuwa nimeondoka zamani." Mama amesema hivyo akilia, baba amesema hivyo akiwa amekunywa, na asubuhi wote wawili wamesahau. Mtoto wa miaka tisa hajasahau. Anajumlisha maneno yale na kupata jibu moja: nisingekuwepo, Baba na Mama wangepatana. Sasa rudini mkasome tena swali la pili la hospitali.

Sitawaambia msigombane, kwani hakuna ndoa ya namna hiyo. Nawaomba mambo mawili. Karo, sare na chakula cha mtoto visiwe silaha katika ugomvi wenu, hata kama ndivyo vilivyouanzisha. Tena mtoto aliyesikia mkigombana asikie pia mkipatana. Tumezoea kupatana kwa siri: mume anarudi na nyama, mke anaipika, mambo yameisha. Kwa watu wazima hiyo ni lugha kamili, lakini mtoto hawezi kuisoma. Mwiteni mumwambie: "Jana tulikuwa tukigombana juu ya fedha. Hukufanya kosa lolote. Hata kama hatuna shilingi, tunakutaka hapa." Baba ndiye aliye mzito zaidi kusema maneno hayo, na ndiye ambaye yakitoka kwake mtoto huyakumbuka mpaka uzeeni.

Siku hizi kuna pia familia ambazo ugomvi hausikiki kwa sababu mmoja hayupo. Baba yuko Mombasa au Nairobi, mama yuko Saudia au Qatar kikazi, na mtoto amebaki na nyanya au shangazi. Simu inapopigwa jioni, yote huwa mazungumzo ya fedha zilizotumwa. Tengeni dakika chache za mtoto peke yake, simu ikiwa mkononi mwake na mtu mzima akiwa nje ya chumba. Hali kadhalika mtoto wa shule ya bweni: siku ya kutembelewa msimtembeze kwa walimu tu kuangalia alama. Kaeni naye chini ya mti, mle, mnyamaze kidogo, aseme.

Dalili zinazofaa kutazamwa

Msishtuke mkiwakuta watoto wakicheza matanga baada ya mazishi kijijini, mmoja akiwa padri, mwingine maiti, na wengine wakilia huku wanacheka. Ndivyo watoto wanavyojifunza mambo mazito. Shtukeni pale ambapo mtoto yule yule anataka kuwa maiti kila mara, wala hacheki. Au anapochora picha zake akiwa amekufa, siku baada ya siku.

Kwa mtoto mdogo, ishara ninayoipa uzito kuliko zote ni kukosa furaha katika mchezo. Mtoto mgonjwa wa malaria huacha kucheza siku mbili, akipona anarudi uwanjani. Mtoto ambaye kwa wiki kadhaa ameacha kucheza, ambaye hata jambo alilolipenda sana halimchangamshi, ana mzigo. Mwingine hujilaumu kupita kiasi: kikombe kimevunjika, naye analia saa nzima akisema yeye ni mbaya na hastahili kupendwa. Mwingine anaanza tena kukojoa kitandani, au halali, au kila Jumatatu asubuhi tumbo linamwuma na hospitali haioni kitu.

Huzuni ya mtoto mara nyingi huja na sura ya hasira. Huyu ndiye tunayemkosea zaidi, hasa akiwa mvulana. Anapigana, anajibu vibaya, anavunja vitu. Anachapwa nyumbani, na analetewa barua ya shule. Uchunguzi ule wa mwaka 2016 ulionyesha pia kwamba miongoni mwa watoto wadogo waliofariki, waliokuwa na tatizo la kutotulia na kutenda kabla ya kufikiri walikuwa wengi kuliko miongoni mwa wakubwa. Kwa mtoto wa namna hiyo muda kati ya wazo na tendo ni mfupi, na kwa sababu hiyo neno lake lisingojewe mpaka lirudiwe.

Akianza kukua, sikilizeni maneno kama "mimi ni mzigo" au "hamtanikumbuka." Tazameni kama anagawa vitu vyake vya thamani, anajitenga, anajikwaruza au kujiuma, au alama zimeanguka ghafla. Ulizeni kama anaonewa na wenzake. Na lazima tuseme hili bila kuzungukazunguka: nyuma ya mtoto anayetaka kufa, wakati mwingine yuko mtu mzima anayemdhuru mwilini, naye aweza kuwa jamaa, jirani, mwalimu au mtu wa Kanisa. Mkipata fununu hiyo, msimwachie mtu huyo nafasi ya kuwa na mtoto hata kwa saa moja, wala msikae kikao cha ukoo kulizima jambo hilo.

Jinsi ya kuuliza

Kabla ya kumwita mtoto, pataneni ninyi wawili. Nani atauliza? Aulize yule ambaye mtoto humkimbilia akiumia, bila kujali ni mama au ni baba, na mwenzake asione wivu. Atauliza lini? Asiulize baada ya kumchapa, wala mbele ya ndugu zake, wala usiku taa inapozimwa akaachwa na mawazo peke yake. Mikono ikiwa na kazi midomo hufunguka: mnapoosha vyombo, mnaposuka nywele, mnapokwenda kuteka maji au kuchunga mbuzi. Tumieni lugha ambayo mtoto huyo huililia, kama ni Kikamba ni Kikamba, kama ni Kiswahili ni Kiswahili. Kiingereza cha shule hakifiki huko.

Anzeni na mlichokiona. "Siku hizi naona huchezi tena, na usiku huwa unalia. Kuna wakati unatamani ungelala usiamke?" Kisha nyamazeni. Kimya hicho kitawaumiza, lakini msikijaze kwa mahubiri. Akisema ndiyo au akiinama tu, endeleeni polepole: "Umewahi kufikiri kwamba sisi tungekuwa na raha kama usingekuwepo?" na mwishowe, waziwazi, "Umewahi kufikiri kujiua?" Msimwulize kwa namna inayomfundisha jibu, kama yule anayesema, "Wewe huwezi kufikiri ujinga wa kujiua, sivyo?" Mtoto mwenye adabu atajibu "sivyo," na mlango umefungwa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka minane msimfululizie maswali hayo. Yeye huyo aliyesema "afadhali nife," ngojeni hasira ipoe, mkampakata, mkamwuliza: "Uliposema unataka kufa, ulikuwa unataka nini kitokee?" Mmoja atasema, "Nataka mpira wangu." Mwingine atasema, "Nataka mwalimu aache kunichapa," na hapo mmejua mahali pa kwenda kesho asubuhi. Na mwingine atawaeleza jinsi atakavyofanya, na kwa nini. Huyo wa tatu apelekwe kwa mtaalamu, hata awe na miaka mitano.

Akisema ndiyo

Msipige kelele. Msimwambie atakwenda motoni, kwani mtoto aliyeogopeshwa hivyo haachi kuwaza, huacha kusema. Msimwapize asimwambie mtu. Mwambieni, "Asante kwa kuniambia. Sikasiriki. Tutalitengeneza pamoja." Kisha mwulizeni kama amefikiria jinsi ya kufanya, na kama yuko na mawazo hayo sasa. Kama ndiyo, au kama amekwisha kujaribu, asiachwe peke yake hata chooni, na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama nauli ni ya kukopa. Kama mawazo yapo lakini hana mpango, wiki hiyo hiyo afike kituo cha afya au hospitali ya kaunti, na mwombe waziwazi kuonana na anayeshughulikia afya ya akili. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi huko Eldoret zina wataalamu hao. Simu 116 ya Childline Kenya ni ya bure, mchana na usiku, na mzazi aweza kuipiga kama mtoto.

Usiku huo huo tazameni nyumba yenu. Dawa ya kunyunyizia mboga, dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya panya, vidonge vya presha vya babu: vyote viingie ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae mwilini mwa mtu mzima. Kuvificha juu ya kabati hakutoshi, kwani watoto wanajua kila kitu kilicho juu ya kabati. Jambo hili linaonekana dogo, lakini Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za mimea zilizo kali zaidi, moja baada ya nyingine, vifo vya kujitoa uhai vilipungua kwa karibu asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Wazo likija na kitu hakipo karibu, mara nyingi wazo hupita.

Mume na mke msifichane. Mtoto akisema, "Usimwambie Baba," jibuni kwamba siri ya namna hiyo hamwezi kuitunza, lakini mtamwambia Baba kwa namna ambayo hatapigwa. Kisha timizeni ahadi hiyo. Na hapo ndipo huzuka neno baya kuliko yote: "Hii imetoka kwenu." Katika baadhi ya jamii zetu mtu aliyejinyonga mti wake ulikatwa, nyumba ikatengwa, na jina lake halikupewa mtoto. Hivyo kila ukoo unaukumbuka upande wa pili. Mkianza kutafuta laana ni ya nani, mtoto atasikia kwamba yeye ndiye laana. Mkienda kwa daktari mkaulizwa habari za jamaa, hapo semeni kweli, kila mmoja wa upande wake, bila kuulizana mwanya.

Wengine huogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa sababu hiyo familia nyingi zilidanganya hospitalini kwamba ni ajali. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Na mtoto wa chini ya miaka 12, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, hawezi kuhesabiwa hatia ya kosa lolote la jinai. Mwelezeni daktari ukweli wote.

Wengine huogopa Kanisa, wakikumbuka hadithi za wazee juu ya watu walionyimwa maziko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa na katazo hilo. Ile ya mwaka 1983 haikulirudia. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba kujiua ni kosa zito, na hapo hapo inafundisha kwamba ugonjwa wa akili, uchungu na hofu kubwa hupunguza hatia ya mtu, tena inatuombea tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Mwambieni Padri wenu. Atasali nanyi, na akiwa mtu wa busara atawasindikiza hospitali. Akiwaambia maombi yanatosha, mshukuruni kwa maombi na mwende hospitali.

Mtoto akirudi nyumbani na kuonekana mzima, wazazi hutaka kusahau upesi. Muulizeni tena baada ya wiki moja, na tena mwezi ujao, na kila shule zinapofunguliwa. Mara ya tatu atawajibu kwa kuchoka, "Mama, leo sina." Msikasirike. Mtoto huyo amekwisha kuzoea kuulizwa.

Maswali ya kujadiliana, mke na mume

Kaeni wawili tu, watoto wakiwa wamelala kweli.

Katika ugomvi wetu wa mwisho, ni neno gani juu ya watoto lililotoka kinywani mwangu, na nani alikuwa nyumbani?

Kila mtoto wetu, akiumia, hukimbilia kwa nani? Kama yuko asiyekimbilia kwa yeyote kati yetu, ni nani mwingine anayemwamini, na tumemwomba mtu huyo atusaidie kusikiliza?

Dawa ya mboga iko wapi sasa hivi, na ufunguo uko kwa nani?